Mfungo wa Sista Veronicah

Sheria ya meza ile ilikuwa moja tu, na Sista Veronicah ndiye aliyekuwa askari wake: anayeketi hapa, anakula. Awe mgonjwa, awe daktari, sahani zinapakuliwa sawasawa, na hakuna anayenyanyuka mpaka zote ziwe nyeupe. Ndiyo maana mchana ule wa Januari, alipojikuta anateremsha nusu ya chapati kutoka sahanini hadi mfukoni mwa sare yake, huku akiwakazia macho wagonjwa wake watatu wasije wakafanya jambo lilo hilo, Veronicah alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na chapati yake.

Kituo chenyewe kilikuwa katika nyumba ya kupanga huko Kitisuru, kwenye miti mingi na majirani wasiosalimiana. Walioletwa pale ni watu waliogombana na chakula. Wengine walijinyima mpaka nywele zikawatoka, wengine walikula kisha wakaenda kutapika mlango ukiwa umefungwa. Kuwapatanisha na sahani kulihitaji kikosi kizima. Daktari Gerishon Ndegwa alishughulikia akili na dawa. Wavinya, mtaalamu wa lishe, alipanga nani ale nini. Kuria, mshauri, aliwasikiliza mpaka wakachoka kusema. Nzembi alipika. Naye Veronicah, muuguzi, aliwapima uzito asubuhi na kuwachunga mezani mchana. Kikosi chote kilikula pamoja na wagonjwa, kwa imani kwamba mtu aliyesahau kula hukumbushwa na wanaokula, si na wanaomhubiria.

Ilikuwa imani nzuri. Shida ni kwamba Sista Veronicah alikuwa amefunga.

Kanisa lao la Kangemi lilikuwa na desturi ya kufungua mwaka kwa kufunga na kuomba. Kwa wiki tatu hakuna kilichoruhusiwa kupita kooni ila maji, tangu alfajiri mpaka saa kumi na mbili jioni, na kila nyumba ilipeleka ombi lake mbele za Mungu; waliomaliza walipakwa mafuta Jumapili ya mwisho. Ombi la nyumba ya Veronicah na mumewe Tobias halikuhitaji kutajwa, kwa maana kanisa zima lililijua. Walikuwa wameoana zamani, na kina mama waliokuwa bibi harusi pamoja naye sasa waliitwa Mama Fulani na Mama Fulani. Yeye kanisani aliitwa Sista, na si kwa sababu ya uuguzi. Mwaka huu mchungaji alikuwa amesimama mbele ya watu akatangaza kwamba saa ya nyumba hiyo imefika, mradi asiwepo mmoja wao atakayelegea katikati. Tobias alikuwa dikoni, shemasi wa kanisa lile. Alisema amina kwa sauti iliyosikika mpaka stejini kwenye matatu.

Veronicah hakuwa mjinga. Alijaribu kuhamia zamu ya usiku, lakini muuguzi mwenzake ambaye angebadilishana naye alikuwa ndiyo kwanza ameanza likizo ya uzazi. Veronicah alimpongeza, akaenda msalani akalia kidogo, akarudi kazini. Na Daktari angemwambia nini? Kwamba mlinzi wa meza anaomba ruhusa ya kutokula? Basi akajipa moyo kwamba wiki tatu si nyingi, na mfuko wa sare ni mkubwa. Kila baada ya chakula alizunguka nyuma ya nyumba, akarusha alichobeba juu ya ua wa michongoma, akaomba msamaha kwa Mungu na kwa wenye njaa wote duniani.

*

"Sista, geuka kidogo."

Aliyesema hivyo alikuwa Shiko, msichana wa chuo kikuu ambaye wazazi wake waliishi Kileleshwa, mtaa wa wenye pesa. Alikuwa ameletwa kabla ya Krismasi akiwa mwepesi hata upepo ungemwomba samahani. Sasa alikuwa amesimama kwenye ujia, mikono nyuma.

"Nigeuke kwa nini?"

"Uniform yako imeshika mafuta. Hapo kwa mfuko."

Veronicah aliangalia chini. Doa lilikuwa kubwa, la mviringo, na hakuna mtu ambaye angeliona akakosa kujua ni la chapati.

"Nimejimwagia mchuzi," akasema.

"Sista." Shiko alimtazama kwa huruma, kama fundi anayemwona mwanafunzi akishika msumeno kinyume. "Mfuko ni ya watu wameanza juzi."

Veronicah alimvuta ndani ya chumba cha mizani, akafunga mlango. Alieleza kwa kunong'ona: kanisa, mfungo, ombi. Lile neno mtoto lilimkwama kidogo, akalimeza, akasema tu kwamba kuna jambo wanaliomba nyumbani.

"Si basi hata mimi nifunge," Shiko akasema.

"Wewe ni mgonjwa."

"Na wewe?"

"Mimi najua ni kwa nini sikuli."

"Hata mimi nilikuwa najua," Shiko akasema. "Hiyo ndio ilikuwa shida."

Veronicah alifunika doa kwa kiganja. Katika mafunzo yake yote hakuna aliyemfundisha kujibu neno hilo likitoka kwa mgonjwa, tena akiwa na chapati mfukoni.

"Sitakuchomea, siambii mtu," Shiko akaendelea, sasa bila mzaha. "Lakini wacha nikuambie ukweli. Siku ya kwanza hapa nilishindwa hata na ndizi. Wavinya ananieleza vitamini, Kuria ananiuliza nasikia aje, na mimi nasikia tu kutapika. Halafu nikakuona wewe. Ulikuwa unakula ugali na sukuma ni kama hakuna kitu inakusumbua dunia hii. Nikasema wacha nifuate mkono ya Sista. Akiinua, nainua. Akitafuna, natafuna. Hivyo tu. Hakuna dawa ingine imenisaidia hapa."

"Shiko, pole."

"Sasa nikifuata mkono yako siku hizi, si nitafika kwa mfuko?"

Aliondoka akamwacha Veronicah na mizani. Veronicah aliketi kwenye kiti cha wagonjwa na kujionea aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto.

*

Jioni, Tobias alikuwa ameshafika nyumbani kabla yake. Alikuwa mchomeleaji wa milango na madirisha ya chuma pale Kangemi, mtu wa mabega mapana, lakini wiki hizi mabega yalikuwa yamebaki peke yake. Mshipi alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Sufuria ya uji ilikuwa mezani, imefunikwa, nao wakaisubiri saa kumi na mbili kama watu wanaosubiri mgeni.

"Leo njaa imenitenda," Tobias akasema. "Nimechomelea mlango ya mtu juu chini. Kitasa iko huku kwa miguu. Mwenyewe amekuja akaniangalia, akaniuliza, 'Dikoni, hii nyumba umesikia itaishi popo?'"

Veronicah alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa akimpenda mtu huyu tangu siku alipomsikia akijicheka kanisani kwa kosa lake mwenyewe.

"Na jamaa akaniletea smokie mbili, Vero, soseji moto za barabarani, akidhani ni homa. Nikakataa. Aki nimekataa smokie na machozi."

Simu ikalia. Ilikuwa mama yake Tobias kutoka Webuye, aliyekuwa akipiga kila jioni saa ya kufungua, kwa maana yeye pia alikuwa amefunga kule kwake, na sukari yake na miaka yake.

"Vero anavumilia?" sauti ya mama ikauliza.

"Anavumilia, mama. Huyu ni chuma."

"Mwambie nitakuja hiyo Jumapili ya mwisho. Nataka nione kwa macho yangu akipakwa mafuta."

Veronicah alikunywa uji wake polepole. Ulikuwa mtamu, na kila tone lilimkumbusha Shiko kule Kitisuru.

*

Mambo yaliharibika kwa sababu ya mbwa.

Mwenye nyumba ile, Mzee Wachira, aliishi upande wa pili wa ua wa michongoma, na alikuwa na mbwa mkubwa mweusi aitwaye Bosco, aliyenunuliwa kwa kazi ya ulinzi. Asubuhi moja mzee alibisha hodi kituoni akiwa amevaa kofia ya jua na uso wa kesi.

"Daktari, mimi si mtu wa maneno mingi," akasema, kisha akayasema mengi. "Nataka tu kujua mnampea mbwa yangu nini. Nimempeleka kwa vet, vet ananiuliza kama anafanya kazi kwa hoteli. Juzi mtu wa kusoma mita ya stima ameingia mpaka kwa kitchen yangu. Unajua Bosco alifanya nini? Alimwangalia. Hata mkia hakuinua. Imemlemea."

Daktari Ndegwa aliomba radhi, akamsindikiza mzee mpaka langoni, akarudi na kuitisha mkutano papo hapo. Walikaa wanne katika ofisi yake: yeye, Wavinya, Kuria na Veronicah.

"Chakula kinatupwa," Daktari akasema. "Na kinatupwa kwa wingi. Swali ni nani."

Kuria alikunja mguu juu ya mguu. "Mimi ningependa kwanza tuketi na hisia ambazo huyu mbwa ametuletea," akasema. "Mara nyingi katika familia kuna mmoja anayebeba kile ambacho wengine hawawezi kubeba."

"Amebeba chapati," Wavinya akasema. "Huo ni unga wa ngano mtupu. Mimi nilisema tangu mwanzo chapati zipunguzwe."

"Ni Shiko," Daktari akasema.

Daktari alieleza hoja zake moja baada ya nyingine. Shiko hukaa karibu na dirisha linalotazama ua wa michongoma. Shiko wiki hizi anakula kwa kusitasita, macho hayatulii, kila mara anamtazama Sista kuona kama anatazamwa. Kuria akataja kwamba mizani inaonyesha Shiko ameongezeka. Daktari akatabasamu kama mtu aliyelitarajia hilo, akasema hayo ni maji, wagonjwa wa aina hii hunywa maji mengi kabla ya kupimwa.

"Na angepungua?" Kuria akauliza.

"Angepungua tungejua anatupa chakula."

Hapo hakukuwa na pa kutokea. Msichana alikuwa ameshahukumiwa akiongezeka na akipungua.

"Sista," Daktari akamgeukia, "wewe ndiye unayekaa naye uso kwa uso. Umeona nini?"

Wote wakamtazama. Ulimi wa Veronicah ulikuwa mzito kuliko Bosco. Alijua kwamba neno moja lingemaliza kesi. Alijua pia kwamba neno hilo lingemaliza mfungo, na Tobias, na mama wa Webuye.

"Sijamwona Shiko akitupa kitu," akasema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Daktari akapiga meza taratibu kwa kidole. "Umeona sasa? Huo ndio ujanja wenyewe."

Ikaamuliwa kwamba Ijumaa Shiko apelekwe hospitali kubwa mjini alazwe, alishwe kwa mpira wa puani mpaka atakapoacha mchezo. Wataalamu wote watatu walikubaliana, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea hata juu ya siku ya kufanya mkutano, tena walikubaliana haraka, kama watu wanaotaka mazungumzo yaishe. Veronicah alitoka nje akasimama kando ya michongoma. Upande wa pili Bosco alimsikia, akajikokota mpaka karibu na ua, akaketi akingoja.

*

Siku hiyo Nzembi alikuwa amepika mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi, na nyama ya kukaanga. Harufu ilijaa nyumba nzima na kumfuata Veronicah mpaka chumba cha dawa. Alipoingia mezani, Kuria alikuwa ameshampa Shiko habari kwa ile sauti yake ya pamba. Msichana aliketi mahali pake pa kila siku, mikono ameikunja, sahani mbele yake haijaguswa. Wagonjwa wale wengine wawili walikuwa wanamtazama, nao vijiko vyao vilikuwa chini.

"Shiko," Wavinya akasema, "tuanze na kidogo tu."

"Ya nini?"

"Mwili unahitaji."

"Mwili itapewa kwa pua Ijumaa. Si mmesema? Mimi nimekula kila kitu mmeniwekea tangu Christmas. Hata siku ile nililia, nilikula nikilia. Sasa mnasema nimekuwa nikipea mbwa." Sauti yake ilitetemeka, lakini hakulia. "Basi sikuli. Wacha ikuwe ukweli."

"Ninasikia uchungu mwingi," Kuria akasema.

"Na bado husikii," Shiko akamjibu.

Daktari Ndegwa alikohoa. Kisha Shiko akafanya kitu ambacho Veronicah hakukitarajia. Alimtazama yeye, mara moja tu, bila kumsuta wala kumwomba, halafu akainamisha uso. Hakumchomea. Alikuwa tayari kutiwa mpira puani kuliko kumtaja.

Veronicah aliogopa. Kazi aliiogopea, ndiyo, lakini hofu kubwa haikuwa hiyo. Alikuwa anaamini, kwa moyo wake wote, kwamba mahali fulani kuna mlango uliokuwa unafunguka polepole kwa ajili yake na Tobias, na kwamba kijiko hiki kikiingia kinywani utafungwa. Alimfikiria mtoto ambaye hajawahi kumwona. Kisha akamtazama huyu aliyekuwa mbele yake, mtoto wa watu, mwenye jina na kiti na sahani inayopoa.

"Chapati za mbwa ni zangu," akasema.

Meza nzima ikamgeukia.

"Nimefunga na kanisa tangu mwaka uanze. Chakula changu nimekuwa nikitia mfukoni na kurusha huko nyuma. Shiko hajatupa chochote. Alinijua na akaninyamazia." Akashika kijiko. "Daktari, ukitaka kunifuta kazi, nifute nikimaliza kula."

Akajaza kijiko mukimo, akakiinua. Chakula kiligusa ulimi, cha moto, chenye kitunguu na mahindi laini, na machozi yakamtoka, kwa maana kilikuwa kitamu mno na alikuwa na huzuni mno, na vitu hivyo viwili vilikuja pamoja.

Daktari alilegeza kola ya shati lake.

"Bosco hakula chapati tu," hatimaye akasema. "Mzee ameniambia vet aliona mifupa na nyama." Alijaribu kutabasamu. "Nina ugonjwa wa maungio. Daktari wangu amenikataza nyama. Sasa ningewaambiaje wagonjwa kwamba ni lazima wale kila kitu halafu mimi nichague?"

"Ndiyo maana huwa unataka dirisha iwe wazi," Shiko akasema. "Ati hewa safi."

"Hewa pia naipenda," Daktari akasema kwa unyonge.

Wavinya aliweka uma chini. Harusi yake ilipangiwa mwezi wa nne, na gauni alilonunua lilikuwa la mtu mwingine mwembamba ambaye alikusudia kuwa yeye. Alilisema hilo akitazama kitambaa cha meza. Viazi, mukimo, wali, vyote vilikuwa vikiondoka mezani ndani ya mkoba wake na kuishia kwa Bosco. Kuria naye, alipoona amebaki peke yake mwenye haki, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, kwamba yeye hana tatizo la kiroho wala la kimwili, ila hawezi kula maini. Tangu utotoni. Na Nzembi hupika maini kila Jumanne, nayo Bosco huyapokea.

"Na mimi nikidhani sahani zinarudi safi kwa sababu najua kupika," Nzembi akasema kutoka mlango wa jikoni, mikono kiunoni.

Shiko aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, kuanzia Daktari mpaka Kuria.

"Kwa hivyo hapa ni mimi tu ndio nakulanga."

Aliyeanza kucheka ni yule mgonjwa wa mwisho wa meza, msichana ambaye hakuwa ametoa sauti tangu alipoletwa. Kisha Wavinya akacheka huku akijipangusa macho, kisha Daktari, kicheko kikubwa cha kijijini kwao alichokuwa amekificha miaka yote ya masomo. Veronicah peke yake hakucheka. Alikuwa amejaza kijiko cha pili, akakifikisha mdomoni, akakirudisha sahanini.

"Polepole, Sista," Shiko akamwambia. "Usikimbie. Weka chini, pumua, halafu inua tena."

"Nitashindwa."

"Hushindwi. Angalia mkono yangu."

Akainua kijiko chake. Veronicah akainua chake. Wakaenda hivyo, mmoja akimvuta mwenzake, mpaka mukimo ukaisha na nyama ikaisha, na sahani mbili zikabaki nyeupe mezani. Daktari aliletewa maharagwe, akayala yote mbele ya watu, dirisha likiwa limefungwa. Wavinya alikula viazi vyake na kusema gauni litapanuliwa. Safari ya Ijumaa ikafutwa bila mtu kuitisha mkutano.

*

Alifika nyumbani kabla ya saa kumi na mbili. Tobias alikuwa ameketi mbele ya sufuria ya uji, midomo imemkauka, akimtabasamia.

"Tobi, nimekula," akasema akiwa bado mlangoni, kwa kuogopa kwamba akiketi atanyamaza.

"Umekula nini?"

"Lunch. Mukimo na nyama. Nimemaliza sahani."

Tabasamu la Tobias halikuondoka mara moja, lilibaki kidogo kama mtu asiyejua kwamba amefukuzwa. Veronicah akamweleza yote, chapati, Bosco, mpira wa puani, msichana aliyemnyamazia. Alipofika mwisho, Tobias alikuwa akitazama sakafu.

"Vero, si ungengoja tu. Imebaki siku ngapi?"

"Huyo msichana hangengoja."

"Na sisi? Si sisi pia tumengoja?" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Veronicah zaidi. "Mama yangu na sukari yake amengoja. Mimi nimekataa smokie, Vero. Nimekataa smokie kwa sababu ya mtoto wetu, na wewe umekula kwa sababu ya mtoto wa mtu ya Kileleshwa."

"Najua."

"Kanisa nitaiambia nini?"

"Sijui, Tobi."

Alitoka nje. Veronicah alimsikia akisimama kwenye ngazi, akisalimiwa na majirani, akijibu salamu kama kawaida. Saa kumi na mbili ikapita, uji ukaota ngozi. Simu ikalia, mama wa Webuye, ikalia mpaka ikachoka. Tobias aliporudi alisimama nyuma ya kiti chake bila kuketi.

"Huyo msichana," akasema. "Alikula?"

"Alikula."

"Akamaliza?"

"Yote."

Tobias aliitikia kwa kichwa mara mbili. Siku zilizobaki alizifunga peke yake, bila kumlaumu, bila kumtazama, na bila kumwambia mama yake wala mchungaji.

*

Jumapili ya mwisho kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye matofali nje. Mama yake Tobias alikuwa amefika kwa basi la usiku, na sasa aliketi safu ya mbele, kitambaa cheupe kichwani, viatu vya safari miguuni. Veronicah aliketi katikati, mahali ambapo mtu haonekani sana wala hajifichi. Mbele, kando ya mchungaji, Tobias alisimama ameshika bakuli la mafuta, suti ikimning'inia.

"Wale waliomaliza," mchungaji akasema kwenye maikrofoni, "waje na nyumba zao, tuwapake mafuta. Na ninataka tuanze na nyumba ambayo tumeibeba sisi sote. Nyumba ya Dikoni Tobias."

Makofi yakaanza. Kina mama wakapiga vigelegele. Mama mkwe akageuka nyuma, akimtafuta Veronicah kwa macho yaliyojaa furaha, akimpungia mkono aje. Veronicah hakuweza kusimama. Hangekwenda, kwa maana huwezi kudanganya mafuta. Makofi yakapungua. Wachache wakaendelea kupiga kwa adabu, kisha nao wakaacha. Watu wakaanza kumtazama, mstari baada ya mstari, na Veronicah akatazama mikono yake.

Alisikia nyayo. Tobias alikuwa amempa dikoni mwenzake lile bakuli. Aliteremka kutoka madhabahuni, akapita mbele ya mama yake, akaja kwenye njia ya katikati mpaka alipokuwa mkewe. Aliwaomba watu wasogee, wakasogea, akaketi.

"Dikoni?" mchungaji akasema. "Mbona umeketi?"

Tobias akasimama tena pale pale kwenye benchi. Aliukaza mshipi uliokuwa umefika tundu la mwisho.

"Mchungaji, sisi hatukumaliza."

Mnong'ono ukapita kanisani. Mchungaji, aliyesahau kwamba maikrofoni iko wazi, akauliza jambo ambalo kila mtu alitaka kuuliza.

"Nani alikula?"

Tobias hakumtazama Veronicah. Aliweka mkono begani mwake, mkono mzito wenye makovu ya moto.

"Tulikula," akasema.

Mama yake akainuka kutoka safu ya mbele, polepole, akashika benchi. Hakuonekana kukasirika. Alimtazama mwanawe, yale mashavu yaliyobonyea na shingo inayocheza ndani ya kola, kama mama yeyote anayejua mtoto wake akiwa ameshiba anafanana vipi.

"Mlikula nini, Tobias?"

Tobias alikuwa ameshasahau. Akainama kwa mkewe.

"Mukimo," Veronicah akanong'ona.

"Mukimo, mama," Tobias akasema, na kanisa lote likasikia. "Ilikuwa tamu."